Mama Dari

Picha ya kwanza aliyonitumia ilikuwa ya dari. Dari ya mbao zilizopakwa rangi nyeupe, yenye doa la maji pembeni na waya ulioning'inia bila taa. Chini kabisa, pale picha inapoishia, palikuwa na kipande cha paji la uso na ncha ya kilemba. Ya pili ilikuwa dari ile ile, safari hii pamoja na sikio. Ya tatu ilikuwa dari, nusu pua, na kidole gumba kilichoziba kila kitu kingine. Nikampigia mteja kumwambia amekosea njia, picha hizo azipeleke kwa seremala.

"Sijakosea, fundi," alijibu yule dada. "Huyo ndiye mama yetu. Tunamwita Mama Dari. Mwaka mzima sasa, kila tukimpigia kwa video, ndivyo tunavyomwona. Nataka unichorie."

"Nikuchorie dari?"

Akacheka, kisha akanieleza vizuri. Yeye ni kifungua mimba, anaishi ng'ambo na mumewe. Mdogo wake, kitinda mimba, anaishi ng'ambo nyingine, na wote wawili mama wanamwona kwenye simu tu. Alitaka picha kubwa ya rangi ya kutundika sebuleni kwake. Za zamani alikuwa nazo tele. Alimtaka mama wa leo, alivyo leo.

"Yuko mji huo huo ulipo wewe," akasema. "Nenda ukamwone kwa macho, tafadhali. Mwambie akae, atulie. Labda wewe atakusikia. Sisi tumechoka kumfundisha kushika simu."

Nilitaka kukataa papo hapo. Niseme wazi: mimi si mtu wa watu. Nachora nyuso kwa riziki, lakini nyuso zenyewe sizipendi zikiwa na midomo inayosema. Siku hizi wateja hunitumia picha, nami huziweka mbele yangu kwenye kioo cha simu, nikalikuza jicho kwa vidole viwili mpaka nione kope moja moja. Picha haikohoi. Haiulizi tumebakiza muda gani. Haikuambii pua yake si kubwa hivyo. Nikimaliza naifunga kazi kwa karatasi, gari la vifurushi linaipitia, na mimi na mteja tunaagana bila kujuana hata sauti ya kukohoa. Katika chumba changu, juu ya duka la viatu, kulikuwa na siku ambazo jua lilizama sijatoa neno mdomoni. Nilikuwa nikiuita upweke ule utulivu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwepo wa kunibishia, jina likashika.

Lakini kazi zilikuwa chache mwezi ule. Nikafunga mkoba wa rangi, nikabeba stendi yangu ya kuchorea begani, nikaenda huku nikinung'unika njia nzima.

Alinifungulia mlango mwanamke mrefu, mkavu, aliyejitanda mtandio uliomfunika nusu ya uso. Nikadhani ana mafua. Alinikaribisha chai, akanionyesha kiti chake kando ya dirisha lenye pazia la kijani, nami nikasimamisha stendi. Alipoketi alinigeuzia ubavu.

"Nichore upande huu," akasema.

"Mama, binti yako anataka uso mzima."

"Uso mzima," akarudia, kama mtu anayeonja kitu kujua kimeharibika au la. Halafu akauachia mtandio ukashuka begani.

Upande wa kushoto ulikuwa umeanguka. Sina namna nyingine ya kusema. Kona ya mdomo ilikuwa imeshuka, shavu limelegea kama pazia lililochomoka ndoano za upande mmoja, na jicho halikufumba sawasawa. Chozi lilikuwa likilitoka na kuteremka taratibu, naye akalifuta kwa kitambaa bila kulijali, kama mtu anavyofuta meza.

"Silii," akaniambia. "Hili jicho ndilo linalolia. Mimi mwenyewe niko salama."

Alikuwa ameamka asubuhi moja, akanywa chai, chai ikamwagika kifuani. Hospitali wakamwambia si kiharusi. Ni mshipa wa uso tu, huenda ukarudi polepole, huenda usirudi. Mwaka ulikuwa umepita na haukuwa umerudi.

"Na watoto?" nikauliza.

"Watoto wana kazi zao. Nikiwaambia wataacha kila kitu waje kunishikia tama hapa." Akatabasamu kwa upande uliobaki. "Na si hilo tu, nisikudanganye. Mimi nilikuwa mhudumu wa mapokezi katika hospitali kubwa, mwanangu. Mgonjwa alikuwa haonani na daktari kabla hajaonana na uso huu. Watu walikuwa wanasema wakiniona wanapata nafuu kabla ya sindano. Wanangu wananijua hivyo. Nataka wabaki wakinijua hivyo."

Binti alikuwa ametaka kuja likizo iliyopita. Yeye akamwambia nyumba inakarabatiwa, vumbi tupu, hakuna pa kulala. "Likizo hii kaanza tena kuuliza," akasema. "Sijui nitamwambia nini. Ikibidi nitasema nyumba imeanguka kabisa."

Akainuka, akaenda ukutani, akaitungua picha ndogo yenye fremu. Ilikuwa yake, siku aliyostaafu, ameshika maua. Uso umenyooka, macho yamejaa kicheko, na kweli, hata mimi niliona nafuu kidogo.

"Unichore huyu," akasema. "Umwongeze miaka michache, ili wasishtuke. Ukinifanyia hilo, nitaweza kuendelea kuwaficha uso huu mpaka siku yangu ifike."

Sikuona shida yoyote. Nimenyoosha wengi katika kazi hii. Nimefuta makovu, nimeotesha nywele, nimempunguzia tumbo bwana mmoja mpaka mkewe akauliza huyu ni nani. Kuunyanyua mdomo wa mama wa watu si jambo la kuninyima usingizi. Nikamwambia tu kwamba macho nitayaweka mwisho, ndiyo desturi yangu, maana picha ikishapata macho huanza kukutazama unapokosea.

Kazi ikaanza. Mwili niliuchora kutoka kwake, na kiti, na ukuta, na pazia la kijani, vyote kama vilivyokuwa. Uso ndio uliotaka ujanja. Picha ya maua ilikuwa ndogo na ya zamani, kwa hiyo nikaegemea upande wake wa kulia, ambao ulikuwa mzima na wenye mikunjo yake halali, nikauhamishia kushoto, kama mtu anayekunja karatasi yenye wino mbichi. Ukatokea uso wa mwanamke ambaye angekuwa yeye leo, kama ile asubuhi ya chai isingekuwepo.

Kilichonishangaza ni mimi mwenyewe. Nilizoea kuchora kimya, lakini pale nyumbani hapakuwa na kimya cha kutumia. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima yaliyokosa pa kwenda. Aliniuliza kama nina mke, nikasema sina. Kama nina paka, nikasema sina. "Basi unagombana na nani?" akauliza, kisha akanionea huruma waziwazi, akaniongezea chai. Siku ya pili nikajikuta nimefika mapema. Siku zilizofuata nikaanza kulichelewesha pazia makusudi, mkunjo kwa mkunjo, pazia ambalo ningelimaliza kwa kupepesa macho. Nilikuwa nimemzoea. Nilipenda kusikia mtu akiniambia nimechelewa.

Nikashuhudia pia jinsi anavyoongea na watoto. Kitinda mimba alipopiga, mama aliipokea simu, akailaza mapajani ikitazama juu, kisha akaiinua kidogo, kidogo tena, mpaka kikaonekana kipande cha paji la uso, si zaidi ya hapo. Aliacha kiasi cha kuwatoa wasiwasi. Mikono yake haikutetemeka hata chembe. Kumbe wale watoto walikuwa wanamcheka mama asiyejua kushika simu, na pale mjini hapakuwa na mtu aliyeishika kwa ustadi kama yeye.

"Mama Dari, leo tuonyeshe hata kidevu," kijana alitania.

"Kidevu kimelala," akajibu, na wakacheka wote wawili. Maneno yaliyotaka midomo yote miwili yalimtoka yakiwa yamelegea, na kila mara aliwahi kusema ni mtandao, mwanangu, mtandao huu. Alipokata simu aliiweka kifuani, akatazama dirishani kwa muda mrefu. Nilichovya brashi nikarudi kwenye pazia.

Alasiri ya mwisho nikaweka macho. Nilipotia nukta nyeupe ya mwanga katika jicho la kushoto, nikarudi nyuma hatua moja, maana picha ilikuwa hai. Nimechora miaka mingi na sijapata kuchora uso kama ule. Mama akaja akasimama mbele yake. Akaitazama mpaka nikaanza kuona haya. Akaupeleka mkono kwenye shavu lake mwenyewe, si la picha.

"Kumbe bado angekuwepo," akasema.

Hapo simu ikaita. Alikuwa binti yake, anataka video.

Nilidhani atafanya kama kawaida yake. Badala yake akanitazama kwa lile jicho zima, likamwaka utundu kama la mwanafunzi aliyeficha kengele ya shule. "Shusha stendi," akaninong'oneza. "Isogeze hapa mbele ya kiti. Haraka." Kabla sijaelewa sawasawa nikawa nimeisogeza. Akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari mezani, ikiitazama picha, akaweka kigoda nyuma ya stendi na kuketi hapo, amejificha. "Leo nitajionyesha," akasema.

Ningemzuia. Lakini na mimi nilikuwa na tamaa yangu: nilitaka kujua kama kazi yangu inaweza kupita. Nikanyoosha mkono, nikagusa kitufe cha kijani, nikajibanza pembeni, mahali nilipoweza kuona kioo na binti asinione.

Uso wa binti ukatokea, uso wa mtu aliyetoka kazini na hajavua koti. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu, wanaongea, wanacheka, wanapiga makofi. Alianza kusema "Mama, leo..." akaishia hapo. Akaisogeza simu karibu.

"Mama," akasema polepole. "Umeshika simu vizuri."

"Nimejifunza," ikajibu sauti nyuma ya picha.

"Nakuona. Nakuona wote." Akaweka mkono mdomoni. "Hujazeeka. Mimi ndiye nimezeeka, tazama. Umekaa kwenye kiti chako, na lile pazia. Lakini umeganda, mama. Sauti inakuja, picha imeganda."

"Mtandao huu, mwanangu."

"Usiguse kitu. Kaa hivyo hivyo, nakuomba. Nikutazame kidogo."

Siwezi kusema uongo: kifua kilinivimba. Hakuna mteja aliyewahi kuisifu kazi yangu kama yule dada aliyekuwa hajui kwamba anaitazama. Nikamgeukia mama nimpe ishara kwamba tumeshinda. Alikuwa amejikunja kwenye kigoda, magoti karibu na kidevu, mkono ameuweka kwenye ubao wa stendi, na hakuwa anacheka tena.

"Cheka kidogo, mama," binti akasema. "Labda itaachia."

Mama akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akanitazama, akapitisha kidole shingoni: kata. Nikatazama simu. Ilikuwa upande wa pili wa meza. Kuifikia lazima mkono wangu upite mbele ya kamera. Nikabaki nimesimama kama mti.

"Mama? Unanisikia? Ah. Na sauti imekatika."

Tukasubiri akate. Hakukata. Alibaki anautazama ule uso niliouchora. Halafu akanyoosha mkono pembeni, akachukua rimoti, akabonyeza, na wale watu wote waliokuwa wakicheka nyuma yake wakanyamaza kwa pamoja. Nyumba yake ikawa kimya kabisa.

"Hunisikii," akasema, "kwa hiyo ngoja niseme. Ile ni televisheni, mama. Naiwasha kila nikikupigia, ili udhani nyumba imejaa watu. Hakuna mtu hapa. Ameondoka tangu mwaka jana. Nilikuwa nakuambia yuko kazini, yuko safarini, kalala. Mungu anisamehe, nimemlaza mume wangu kupita wagonjwa wote wa hospitali yako."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamvunjikia.

"Nilikuwa nataka kuja kukuambia mwenyewe. Nije nilale kitandani kwako siku mbili tatu, usiniulize kitu. Nikuambie nakuja, unaniambia nyumba inakarabatiwa. Nikuombe uso, unanipa dari. Mdogo wangu anacheka, na mimi nacheka naye. Lakini nikishakata simu nakaa hapa najiuliza mama yangu nimemkosea nini hata hataki kunitazama." Akajifuta kwa mkono wa koti. "Leo umenitazama. Hata kama ni mtandao. Baki hapo tu, usiende."

Sikumtazama mama mara moja, nilikosa ujasiri. Nilipomtazama, lile jicho la kushoto lilikuwa likitoa machozi yake ya kila siku, na safari hii la kulia lilikuwa likilisaidia. Hakuyafuta. Aliutoa mtandio kichwani, akaukunja, akauweka sakafuni kando ya kigoda. Akanigusa mkono, akaionyesha picha kwa kidevu.

Nikaelewa. Niliikumbatia kazi yangu kwa mikono miwili, nikaiinua kutoka kwenye stendi, nikasahau kabisa kwamba macho hayajakauka. Nilihisi ubaridi wa rangi ukipenya shati. Nikarudi nayo hadi ukutani, na nilipokuwa nimesimama pale ndipo nikagundua kwamba kwa muda wote niliokaa nyumba ile nilikuwa nimeitazama mistari ya uso wa yule mama, na yeye mwenyewe sijamtazama bado. Nikamtazama.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mabega wazi, uso wote mbele ya simu.

Binti alirudi nyuma kwa ghafla, kama mtu aliyefunguliwa mlango usoni. Macho yake yalikwenda kulia, yakaenda kushoto, yakarudi.

"Sijaganda," mama akasema. Maneno yalitoka yamelegea, na hakuusingizia mtandao. "Nilikuwa nyuma ya picha ya fundi. Nimekusikia yote, mwanangu. Hukunikosea kitu. Huu uso ndio ulionikosea, nikauficha, na nikakuficha wewe pamoja nao."

Ningependa kusema nilitoka nje kwa adabu, lakini sikutoka; nilibaki nimekumbatia fremu, nikiogopa kwamba yule dada atafanya sura ya huruma, ile sura ya watu wanaomtazama mgonjwa, na mama ataiona.

"Inauma?" binti akauliza.

"Haiumi. Inaona haya tu."

"Tangu lini?"

"Tangu dari."

Binti akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu upya mwaka mzima. Akavua koti, akalitupa mahali, akaisogeza simu mpaka uso wake ukajaa kioo, nao haukuwa uso wa huruma. Ulikuwa na njaa.

"Hapo ulipo kuna kiza," akasema. "Sogea dirishani nikuone."

Mama akashika simu kwa mkono mmoja na kigoda kwa mkono mwingine, akakiweka kigoda dirishani, akalifungua pazia la kijani, akaketi.

"Bado," alisema binti. "Sogea tena."

Akasogea tena.